Tinola ya kuku: majibu kwa walioniandikia

Tangu niitaje tinola katika safu hii, maswali hayajakoma. Ni supu ya kuku ya Ufilipino, yenye tangawizi nyingi, papai bichi na majani ya mlonge. Wengi wa pwani yetu wanavyo vitu hivyo uani kwao au kwa jirani, na ndiyo maana naipenda na ningetaka ipikwe vizuri. Nimechagua barua hizi.

Shikamoo mama. Naomba unielekeze tangu mwanzo. Kuku ninaye, wa kienyeji. (Msomaji wa Tanga)

Marahaba mwanangu. Kuku wa kienyeji ndiye hasa anayetakiwa. Wafilipino nao wana kuku wao wa kijijini, na mpishi wa kule akimpata huyo hamtazami tena wa mabandani. Mkate vipande pamoja na mifupa, ngozi usiivue yote, maini na firigisi uviweke kando kwa ajili ya supu hiyohiyo.

Kwa kuku wa kilo moja na nusu, chukua tangawizi ya kujaa kiganja. Imenye, uikate vijiti vyembamba. Usiikune wala usiitwange, maana itachafua supu nasi tunataka supu inayoonyesha chini ya bakuli. Kitunguu maji kimoja na punje nne au tano za kitunguu saumu zinatosha.

Bandika sufuria, tia mafuta vijiko viwili, na tangawizi itangulie peke yake. Ikaange kwa moto wa wastani dakika mbili tatu, hadi harufu ijae jikoni na kingo zake zianze kugeuka rangi. Tinola hupatikana au hukosekana hapo. Mwenye haraka hutumbukiza kila kitu majini kwa pamoja, akapata maji ya kuku yenye vipande vya tangawizi ndani. Tangawizi ikiiva, tia saumu na kitunguu, vikilainika tia kuku. Nyunyiza vijiko viwili vya patis, ule mchuzi wa samaki wa Ufilipino, geuzageuza, kisha funika kama dakika tano ili kuku atoe maji yake na kuyanywa yakiwa na chumvi na tangawizi.

Sasa tia maji, lita moja na nusu hivi. Wapishi wengi wa kule hutumia maji ya pili ya kuoshea mchele, nami nawaunga mkono, kwani yanaipa supu uzito kidogo bila kuifanya rojo. Ikianza kuchemka, engua povu lote, punguza moto, uache ichemke polepole. Kuku wa kienyeji atataka saa moja hadi moja na nusu, jogoo aliyekomaa zaidi ya hapo. Wa kisasa dakika 35 au 40 zinamtosha, ukizidisha atachambuka. Maini yaingie mwishoni, yasije yakawa makavu.

Nyama ikilainika, tia vipande vya papai bichi, uache dakika nane hadi kumi. Papai likatike kwa kijiko ila lisipondeke. Onja chumvi, tia majani ya mlonge, hesabu dakika moja, epua.

Asalaam aleikum. Tunafanya kazi na Wafilipino wengi hapa, na wenzangu wanauliza kama patis ni halali. Na je, lazima iwemo? (Msomaji wa Muscat)

Waaleikum salaam. Patis ni samaki na chumvi. Samaki wadogo hutiwa chumvi nyingi na kuachwa miezi kadhaa wachachuke. Yale mazito huliwa yakiitwa bagoong, na maji yanayochujwa juu yake ndiyo patis. Soma kibandiko cha chupa kama unavyosoma vingine, lakini asili yake haina la kukutia shaka. Ufilipino wenyewe una Waislamu wengi, hasa Mindanao na visiwa vya Sulu. Kuku muhimu achinjwe inavyopasa.

Ukiikosa, chumvi tu itakupa supu nzuri, ila kuna kina utakachokikosa. Mimi humwambia mtu achukue dagaa wakavu wa baharini, kiganja kimoja, awaondoe vichwa, awafunge kwenye kitambaa safi na kuwachemsha pamoja na kuku nusu saa, kisha awatoe. Ladha inakaribia. Wewe huko Ghuba huna haja ya kuhangaika, maduka yanayohudumia Wafilipino yanauza patis na mara nyingi majani ya mlonge yaliyogandishwa pia.

Naweza kuongeza nyanya, bizari na kipande cha kiungo cha supu? (Msomaji wa Morogoro)

Hapana. Utapata mchuzi wa kuku, na mchuzi wa kuku tayari unaujua.

Mama, mlonge wangu hutoka na nyuzi na uchungu hadi watoto wanakataa. Nakosea wapi? (Msomaji wa Malindi)

Nyuzi ni vikonyo. Chambua majani peke yake, hata vile vijiti vyembamba vinavyoshika majani madogo uvitupe. Kazi hiyo inachosha, lakini kuna njia. Funga matawi kwenye kitambaa kikavu usiku kucha, asubuhi ukiyakung'uta majani mengi yataanguka yenyewe.

Uchungu hutokana na umri wa jani na moto mrefu. Chuma ya juu, ya kijani kibichi, achana na yaliyokomaa. Na usiyachemshe. Supu ikiwa moto kweli, dakika moja yatosha. Mlonge uliochemka robo saa hupoteza rangi, harufu na hata sababu ya kuwamo.

Majani ya mpilipili pia hutumiwa huko Ufilipino, tena wapo wanaoyapendelea kuliko mlonge. Hayawashi kama pilipili yenyewe. Chuma machanga, yatie wakati uleule. Lakini usije ukatia mizizi wala magome ya mlonge katika chakula kwa kusikia kuwa mti wote ni dawa. Sehemu hizo zina sumu. Majani na maganda machanga yenye mbegu yanatosha.

Mke wangu amejifungua juzi. Nasikia Wafilipino huwapa wazazi supu hii. Ni kweli? (Msomaji wa Mwanza)

Hongera kwa mtoto, na hongera zaidi kwa kuuliza ukiwa wewe ndiye utakayeingia jikoni. Ni kweli. Kule mzazi hupewa tinola yenye mlonge mwingi kwa imani kwamba inaongeza maziwa, kama ambavyo kwetu hupewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Mimi si daktari, na maziwa yakisumbua aonane na mkunga au nesi. Lakini mwanamke aliyetoka kujifungua anahitaji chakula cha moto chenye nyama, maji na mboga za majani, na bakuli hili linavyo vyote. Punguza patis na chumvi, tangawizi usiipunguze.

Mjamzito ni habari nyingine kidogo. Wengi huwashauri waepuke papai bichi kwa sababu ya utomvu wake. Yeye mpikie kwa mung'unye. Itakuwa tinola vilevile.

Je, hiki ni chakula cha zamani kweli au ni cha mitandaoni? (Msomaji wa Nairobi)

Ni cha zamani. José Rizal, shujaa wa taifa la Ufilipino, alichapisha Berlin mwaka 1887 riwaya yake *Noli me tángere*, na karibu na mwanzo wake kuna karamu inayoandaliwa tinola. Padri Dámaso, mtu wa majivuno, anapakuliwa boga na mchuzi, na humo ndani shingo tupu na bawa gumu la kuku, huku kijana Ibarra akipata vipande vizuri pamoja na firigisi na maini. Padri anakasirika mezani. Msomaji wa wakati ule alielewa mara moja kwa nini, kwa kuwa kila mtu alijua tinola nzuri inavyokuwa.

Angalia pia kwamba katika sahani ile kuna boga, papai halimo. Papai lenyewe asili yake ni Amerika ya Kati, na lilifika visiwa hivyo wakati wa Wahispania, waliokuwa na merikebu zao kati ya Acapulco na Manila kuanzia 1565 hadi 1815. Mlonge asili yake ni India ya kaskazini. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba bila papai si tinola, mwambie hata tinola ya Rizal ilikuwa ya boga. Leo wengi hutia sayote, tunda la kijani lenye umbo la pea. Tangawizi ndiyo isiyobadilishwa.

Sisi Zanzibar hatuli kuku bila nazi. Tutie tui? (Msomaji wa Unguja)

Mkitia tui mtapata chakula kingine cha Ufilipino kilicho kizuri, ginataang manok, kuku na tangawizi katika tui, ambacho pia hutiwa papai bichi na majani ya mpilipili. Watu wa Bicol, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon, ni mabingwa wa tui na pilipili, mngeelewana nao upesi.

Ila ningewaomba mjaribu binakol kwanza. Wanaipika kisiwa cha Panay, na Batangas pia. Ni ndugu wa tinola, lakini badala ya maji hutiwa maji ya dafu, na nyama laini ya dafu hukwanguliwa ikaingia sufuriani mwishoni. Wengine huongeza mchaichai. Madafu manne au matano kwa kuku mmoja. Utamu wake ni wa mbali, unakuja baada ya chumvi. Kwa watu wenye madafu, tangawizi na mchaichai ndani ya kisiwa kimoja, kutoipika ni hasara.

Huku sipati mlonge wala papai bichi. (Msomaji wa Toronto)

Tafuta duka la Wafilipino, mji wako una jamii yao kubwa. Uliza malunggay, ndilo jina lao la mlonge, iliyogandishwa, uitie bila kuiyeyusha kwanza. Ukikosa, spinachi itakufaa, na badala ya papai tia sayote.

Inaliwa na nini, na ikibaki nifanyeje? (Msomaji wa Mombasa)

Wali mweupe, usiotiwa chochote. Kila mtu awe na bakuli lake la supu na kisahani kidogo chenye patis, maji ya ndimu na pilipili iliyopondwa. Nyama inachovywa humo, supu inamwagiwa juu ya wali. Wao hutumia kalamansi, ndimu yetu inaziba pengo hilo vizuri.

Ukijua itabaki, tenga supu kabla ya kutia majani, utie mengine mabichi utakapoipasha moto kesho. Ikibaki supu nyingi na nyama kidogo, chambua nyama hiyo, tia mchele kikombe kimoja kwa vikombe sita au saba vya supu, ongeza tangawizi, ukoroge mpaka uwe uji mzito. Wanauita arroz caldo na huliwa na saumu iliyokaangwa hadi ikakauka, majani ya kitunguu na yai la kuchemsha.