Maswali na majibu: Klaienti ya MUD na baiti mnazozipuuza

Barua nyingi safari hii ni za wanaojenga klaienti (programu za mchezaji za kuunganisha na seva) za MUD, michezo ya maandishi ya wachezaji wengi, ambayo ya kwanza iliandikwa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978.

Shikamoo kaka. Rangi zinatoka vizuri, ila mara nyingine naona “[31m” katikati ya sentensi. Seva ina hitilafu? (Mwanjelwa, Mbeya)

Marahaba. Seva haina kosa, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. TCP, itifaki inayobeba data kati yako na seva, ni mtiririko. Maji ya bomba hayaji yamepimwa kwa ndoo. Seva ikituma mstari mmoja, unaweza kuusoma kwa vipande vitatu, au ukapata mistari mitano kwa mkupuo. Amri ya rangi, kama hiyo “[31m”, huanza na baiti yenye thamani 27. Ikikatika baada ya hapo, msimbo wako unaisahau, na kipande kinachofuata unakichapa kama maneno ya kawaida.

Andika kichambuzi kinachopokea baiti moja moja na kukumbuka kilipoishia. Amri za Telnet, itifaki ambayo michezo hii huitumia, huanza na baiti yenye thamani 255, nazo hukatika vilevile. Herufi za UTF-8, mfumo wa kuweka herufi katika baiti, pia. Kiswahili chetu huandikwa kwa herufi za baiti moja moja, kwa hiyo kosa linajificha mpaka mtu aandike ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda, yenye baiti tatu. Kabla hujaniandikia tena, chukua data ileile, ilishe mara ya kwanza yote kwa pamoja, mara ya pili baiti moja moja. Matokeo yakitofautiana, kosa ni lako.

Nikiwasha MCCP, mgandamizo wa data ambayo seva hutuma, skrini inajaa takataka. (Tukuyu)

Soma jibu la juu. Baada ya 255, 250, 86, 255, 240, ishara ya seva kwamba mgandamizo umeanza, kila baiti inayofuata ni ya zlib, yaani imegandamizwa, hata iliyokwisha kuingia kwenye bafa yako (hifadhi ya muda) kwa usomaji uleule. Wewe unaichapa bila kuifumua.

Nywila inaonekana mchezaji anapoiandika. Niifiche vipi? (Makambako)

Seva ikituma 255, 251, 1, acha kuonyesha anachoandika mchezaji na ujibu 255, 253, 1. Ikituma 252 badala ya 251, onyesha tena na ujibu kwa 254. Wala usiihifadhi nywila kwenye historia ya amri au faili la kumbukumbu. Lakini kuificha kwenye skrini si kuilinda: Telnet bila TLS, yaani bila usimbaji fiche, huisafirisha wazi, na aliye kwenye Wi-Fi ileile anaweza kuisoma. Waambieni wachezaji wenu wasitumie namba ya siri ya pesa za simu. Wapo wanaoitumia.

Naweza kufungua TCP moja kwa moja kutoka ukurasa wa kivinjari? (Iringa)

Hapana. Tumia WebSocket, njia ya kivinjari ya kuunganisha na seva, na programu ya daraja katikati kama seva haiijui.

Nikikaa kimya kwa muda kwenye intaneti ya simu, mchezo unaganda bila ujumbe wowote. (Njombe)

Mitambo ya mtandao wa simu hufuta njia ya muunganisho uliokaa kimya, na upande wako hauambiwi. Tuma 255, 241 mara kwa mara. Ni amri isiyofanya kitu. Ukiunganisha upya, kila jaribio lisubiri zaidi ya lililotangulia. Umeme ukirudi mji mzima, klaienti zenu zote zitaivamia seva moja kwa pamoja.

Nachora kila herufi kama picha ili skrini ipendeze. Nitumie fonti gani? (Mafinga)

Fonti yoyote yenye herufi za upana sawa, maana ramani za michezo hii huchorwa kwa herufi. Ila huo mpango wa picha uache, nakuomba. Wachezaji wengi wasioona wanaipenda MUD kwa sababu kisomaskrini kinaweza kuisoma yote. Ukigeuza maneno kuwa picha, umewafungia mlango katika mchezo mmojawapo kati ya michache wanayocheza sawa na wengine. Tumia sehemu ya maandishi halisi, mistari mipya itangazwe bila kumtoa mchezaji kwenye kisanduku anachoandikia, na uweke njia ya kuzima ramani za alama, kwa sababu kisomaskrini kitazitamka moja baada ya nyingine.