Kingo za satini zinatoka nyuzi: nipitishe mshumaa mara ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mwanangu anatimiza miaka 4 mwezi ujao, nataka kumshonea joho la kifalme la kuchezea, na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu nimshonee lake wasigombane. Nimenunua satini nyekundu mita 2. Kila nikikata inatoka nyuzi. Nimeambiwa nipitishe mshumaa kwenye kingo. Nimejaribu, pengine pamekaza, pengine pamejikunja na kuwa peusi. Nichome mara ngapi? Na kamba ya shingoni inafunguka kila akikimbia, nifunge fundo gani? (Mama wa wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Zima huo mshumaa kwanza, halafu tuzungumze.

Sikulaumu wewe. Nawalaumu wanaojiita mafundi wanaokufundisha hivyo, maana kila wiki naletewa nguo ya mtoto iliyomalizwa kwa moto badala ya pindo. Kingo iliyochomwa haijamalizwa. Imeganda tu, ikawa na chembe ngumu kama mchanga, na chembe hizo ndizo zinazokwaruza shingo na makwapa ya mtoto. Ukiifua mara mbili tatu inapasuka, na nyuzi zinaanza kutoka upya. Niliwahi kuletewa gauni la mtoto aliyekuwa analia kila akivishwa. Mama yake alidhani ni deko. Nilipopitisha kidole ndani ya mkono wa gauni nikaelewa.

Lakini hilo ndilo dogo. Kitambaa kinachojifunga kwa moto kimekwisha kukwambia chenyewe ni kitu gani. Pamba haiyeyuki, inaungua ikawa majivu laini yenye harufu ya karatasi. Satini nyingi ya madukani kwetu ni polyesta, ndugu wa damu wa chupa ya plastiki ya maji. Ikifika nyuzi joto 250 hivi inayeyuka na kudondoka, na tone lake likitua kwenye ngozi linanata hapohapo likiendelea kuunguza. Sasa fikiria siku yenyewe: mtoto kasimama mbele ya keki yenye mishumaa 4, joho linapepea, wenzake wanamsukuma. Kesho yake anakimbia nalo uani, jiko la mkaa liko pale pale.

Pamba nayo inawaka, nisikudanganye, na iliyo nyepesi inawaka haraka. Ila haishiki ngozi kama plastiki. Kwa hiyo joho la mtoto mimi nalishona kwa kitenge kizito cha pamba au khanga ya pamba. Upande mmoja wa khanga unawatosha wote wawili. Ufue kwanza kabla ya kukata, usinyae unavyotaka kusinyaa. Pinda nusu sentimita, piga pasi, pinda tena sentimita moja, shona. Huna cherehani? Mkono unatosha, kila hatua rudisha sindano nyuma kidogo, mshono hautafumuka. Pembe ziache za mraba. Za mviringo zitakusumbua. Joho liishie juu ya magoti, asilikanyage.

Satini yako usiitupe, itafaa mfuko wa kuwekea zawadi. Pindo lake ni hilohilo, ila kwa sindano mpya namba 11 na pasi ya moto mdogo.

Kuhusu kamba: kufunguka kwake ndiko kulikokuwa kunamlinda mwanao. Usitafute fundo lisilofunguka! Joho likinasa kwenye komeo la mlango au kwenye bembea, fundo gumu linamnyonga. Kanuni ya usalama ya Ulaya, EN 14682, hairuhusu kabisa kamba za kufunga shingoni kwenye nguo za watoto wa chini ya miaka 7. Weka vipande viwili vya velkro (ule utepe unaoshikana ukigusana na kubanduka ukivutwa), kimoja kila bega, na vingine kwenye fulana yake, shingo ibaki huru. Vuta joho kwa vidole viwili: likibanduka, umeshona vizuri. Lisipobanduka, punguza velkro.

Na kwa kuwa wanaokupa mshumaa ndio haohao wanaokuuzia gundi ya moto, "shona bila sindano wala uzi", nawaambia wazazi wote wanaonisoma: msibandike kitu kwa gundi kwenye nguo ya mtoto. Shanga, vito vya plastiki, vifungo vya kurembea, vyote vinabanduka, na mtoto wa chini ya miaka 3 kila alichokiokota anakipeleka mdomoni. Kitu kinachoingia kwenye tundu la upana wa milimita 32 hivi kinaweza kumziba koo. Pini pia zihesabuni kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, moja ikikosekana nguo haitoki mezani.

Huyo mdogo mpe joho tupu. Ukitaka liwe na nyota mgongoni, ikate kwenye kitenge cha rangi nyingine, uikunje kingo, uishone kuzunguka yote.