Mama anadai usonji ndio unaonifanya nipende wanawake

SWALI: Daktari, mimi ni mwanamke wa miaka 23, nina usonji (autism), yaani ubongo wangu hupokea sauti, mguso na mazungumzo kwa namna tofauti na wengi, na navutiwa na wanawake wenzangu. Tangu mama ajue, anasema usonji umenichanganya, sijui ninachokitaka. Nikijaribu kumjibu maneno yanakwama, naye anachukulia kuwa nimeishiwa hoja. Sasa amepata mtu anayeahidi kuniponya yote mawili. Bado naishi kwake. Nifanyeje?

JIBU: Binti yangu, tuanze na maneno yanayokwama. Ukizidiwa na makelele na hasira, sauti ndiyo hukatika kwanza, lakini hoja yako iko palepale. Basi usikubali mabishano ya ghafla. Mwandikie sentensi chache, azisome ukiwa haupo. Akikuanzia, uwe na kauli moja uliyoizoea, "Sasa hivi siwezi kuongea, nitakuandikia," kisha ondoka. Na kwa kuwa bado unaishi kwake, si lazima kila ukweli wako umwambie leo. Vyeti vyako, kitambulisho na akiba yako vikae mahali unapovifikia mwenyewe.

Sasa hili la "kuchanganywa", ambalo nalisikia mpaka nimechoka. Mwenye usonji akichumbia mtu wa jinsia nyingine, sijapata kuona mzazi akija kuniuliza kama kijana wake amechanganyikiwa. Harusi inapangwa. Akipenda jinsia yake, ghafla hajielewi! Mtu huyohuyo anayejua ni kitambaa gani hakivumiliki kwenye ngozi yake, eti hajui moyo wake unaelekea wapi. Ni kweli tafiti huonyesha kuwa wenye usonji hujitambulisha kuwa wapenzi wa jinsia moja au wa jinsia zote kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Mambo mawili kukutana kwa mtu mmoja hakulifanyi moja kuwa ugonjwa unaotokana na jingine.

Huyo mganga wa "yote mawili" naye si mpya. Mwaka 1974 Ole Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa Marekani aliyejulikana kwa kuwafunza watoto wenye usonji kwa zawadi na adhabu, alichapisha pamoja na mwenzake George Rekers taarifa ya kumbadilisha kwa njia hizohizo mvulana mdogo aliyedaiwa kuwa na tabia za kike. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Usonji nao hauna dawa ya kuuondoa. Kinachotibika ni yale yanayoambatana nao, kama wasiwasi, kukosa usingizi au kifafa.

Wauzaji wa tiba za uongo hawajali. Kuna wanaouza klorini dioksidi, kemikali ya kung'arishia karatasi, wakiwaambia wazazi wawanyweshe watoto au wawatie kwa njia ya haja kubwa. Inaunguza utumbo. Wengine hufungia watu, huwanyima chakula, huwachapa, kisha yule aliyenyamaza kwa woga anarudishwa nyumbani akiitwa aliyepona. Wazazi, kimya hicho mnakilipia bei kubwa sana.

Wewe ni mtu mzima: bila ridhaa yako hakuna tiba. Usinywe chochote cha huyo mtu, wala usikubali kulala kwake hata usiku mmoja. Mwambie mama amtake aandike kwa mkono wake jina la dawa, kipimo chake, na chombo kilichompa leseni. Wengi wao huahirisha miadi hapohapo.