Kisanduku cha "kila kitu bure" na intaneti inayokwama

SWALI: Fundi, miezi mitatu iliyopita nilinunua kisanduku cha Android cha kuchomeka kwenye runinga. Kimeandikwa 8K, na kilikuja na programu zake tayari zinazoonyesha filamu na mechi zote bila malipo. Kifurushi changu cha intaneti ni megabiti 40 kwa sekunde, lakini video zinakwama kila mara. Siku hizi hata kwenye simu, nikitafuta kitu Google, naambiwa nithibitishe kwamba mimi si roboti. Muuzaji anasema nipandishe kifurushi, au nikirudishe kisanduku kwenye hali ya kiwandani. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja. Kichomoe kwanza kisanduku hicho kwenye umeme na kwenye mtandao, halafu urudi tuendelee.

Kifurushi chako hakina kosa. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya HD kamili na 15 kwa 4K, kwa hiyo 40 zinakutosha na kubaki. Kama ungeniandikia kuhusu kukwama peke yake, ningekuambia uitoe rauta nyuma ya kabati, ujaribu masafa ya 5 GHz kama runinga iko karibu nayo, au utumie waya, na pengine tungemaliza hapo. Kilichonishtua ni hilo la roboti, ambalo umelitaja kama jambo la pembeni.

Google huuliza swali hilo inapoona maombi mengi yasiyo ya kawaida yakitoka kwenye anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti. Simu yako, kompyuta na kisanduku vyote hutoka nje kwa anwani moja, ile ya rauta. Kikifanya fujo kimoja, vyote vinashukiwa. Ni kweli kwamba baadhi ya watoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo mtu usiyemjua anaweza kukuponza. Lakini kwa mtu mwenye kisanduku cha aina uliyoieleza, mimi naanza na kisanduku.

Hapa ndipo ninapopata jibu lile lile karibu kila siku: "Fundi, hicho ni cha kutazamia filamu tu. Sina benki humo, sina picha. Wataniibia nini?" Nawaomba wasomaji wote waliache wazo hilo, kwa sababu ndilo linalowaingiza watu shimoni. Anayepachika programu haribifu kwenye kisanduku cha runinga hana haja na siri zilizomo. Anachotaka ni njia yako ya intaneti. Akishaipata, huwauzia watu wengine nafasi ya kupita humo: mmoja anajaribu manenosiri ya wizi kwenye akaunti za watu, mwingine anafungua akaunti bandia kwa maelfu, mwingine anabofya matangazo kwa udanganyifu. Tovuti zinazoshambuliwa zinaona anwani ya nyumba yako. Anayetafutwa unaonekana ni wewe.

Sisemi haya kwa kukisia. Oktoba 2023 kampuni ya usalama ya HUMAN ilieleza kwa kina mtandao walioupa jina BADBOX, uliojengwa kwa visanduku vya Android vya bei rahisi vilivyotiwa programu haribifu kabla havijamfikia mnunuzi. Desemba 2024 mamlaka ya usalama wa mtandao ya Ujerumani, BSI, ilikata mawasiliano kati ya vifaa vipatavyo 30,000 nchini humo na waliokuwa wakiviendesha. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kwa umma kuhusu toleo la pili la mtandao huo, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi dhidi ya waendeshaji wake, ikisema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10.

Sasa rudi kwenye video zako. Video inapokuja kwako, kifaa chako nacho hurudisha taarifa fupi fupi kwamba vipande vimefika. Taarifa hizo hupita njia ya kupakia, ambayo kwa vifurushi vingi vya nyumbani ni nyembamba kuliko ya kupakua. Njia hiyo ikijaa mizigo ya wageni, taarifa zinachelewa na upakuaji wenyewe unasuasua. Ukipandisha kifurushi, unawalipia wageni barabara pana zaidi.

Na hiyo "hali ya kiwandani" ndiyo inayonikera kuliko yote. Kurudisha kifaa kwenye hali hiyo hufuta ulichoongeza wewe: akaunti, mipangilio, programu ulizopakua. Hakugusi sehemu ya mfumo, na programu hizi mara nyingi zimelala humo humo. Kiwandani ndiko zilikotoka! Programu za kusafisha virusi unazopakua juu yake haziwezi kuifuta sehemu hiyo, na VPN, yaani huduma ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni, haitoi kitu kilichokwisha kuwa ndani. Anayekuuzia dawa hizo ama hajui kifaa kinavyofanya kazi, ama anajua na hajali.

Hata hiyo 8K isikuzuzue. Netflix na huduma kama hizo hazitoi picha ya ubora wa juu kwa kifaa kisicho na kibali chao. Visanduku vingi vya namna hii huishia kupewa picha ya kiwango cha chini, hata boksi liwe limeandikwa nini.

Dalili za kuangalia kabla ya kununua si nyingi. Kifaa kinachokuagiza uzime Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu haribifu, ndipo kiwake vizuri, kiache. Kinacholeta duka la programu usilolijua badala ya Google Play, kiache. Kinachoahidi vituo vya kulipia bila malipo, kiache pia, maana aliyekitengeneza anapata pesa yake mahali, na umeshaona ni wapi. Google ina orodha ya kampuni zinazotengeneza vifaa vya Android TV vilivyoidhinishwa. Itazame kabla hujatoa hela. Wala usidhani ni visanduku tu. Onyo la FBI lilitaja projekta, fremu za picha za kidijitali na redio za kisasa za magari, na tableti zisizo na jina nazo zimekutwa zimeambukizwa. Kifaa chochote kinachojiunga na Wi-Fi yako kimeingia nyumbani mwako.

Kwako wewe: kaa siku kadhaa bila kisanduku hicho uone kama video zinatulia na maswali ya roboti yanapungua. Badilisha nenosiri la Wi-Fi na la kuingilia rauta, kisha weka masasisho ya rauta. Nenosiri lolote uliloliandika kwenye kisanduku kile, hasa la barua pepe, libadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine. Utakachonunua baadaye kiweke kwenye mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili ya rauta iliyotengwa na ile kuu, mbali na kompyuta ya kazi. Na hicho cha zamani usikiuze, wala usimpe ndugu kama zawadi. Kipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.