Maswali na Majibu: Makanisa ya Ujerumani na Hitler

Hitler alikuwa Mkristo au mpagani?

Swali hili nimeshalijibu, na wanaolirudia mara nyingi wanatafuta fimbo ya kumchapia mtu mwingine. Alibatizwa Mkatoliki, hakujitoa rasmi kanisani, na faraghani aliudharau Ukristo. Swali zito ni la wafuasi wake. Katika sensa ya 1939, zaidi ya Wajerumani tisa katika kila kumi walijiandikisha kuwa Waprotestanti au Wakatoliki. Waliovaa sare walitoka humo.

Je, chama chake cha Nazi kilijiita cha Kikristo?

Programu yake ya 1920, kifungu cha 24, ilisema kinasimamia "Ukristo chanya". Wengi waliishia hapo. Kifungu hichohicho kilitangaza vita dhidi ya "roho ya Kiyahudi".

Mchungaji wetu anafundisha kwamba Walutheri walimpinga Hitler. Ni kweli?

Ni baadhi tu, na hiyo "baadhi" isimezwe. Julai 1933 Waprotestanti walipiga kura za uongozi wa makanisa yao, na kundi la "Wakristo wa Kijerumani", lililomuunga mkono Hitler, likapata karibu theluthi mbili. Novemba mwaka huo, kwenye mkutano wao mkubwa Berlin, kiongozi wao wa jiji hilo, Reinhold Krause, alitaka Agano la Kale litupwe. Hapo ndipo wengi waliposhtuka.

Mchungaji Martin Niemöller alikuwa tayari amewakusanya wachungaji waliokataa kanisa kutenga watumishi wenye asili ya Kiyahudi. Mei 1934 wakatoa Tamko la Barmen, ambalo mwanateolojia Karl Barth ndiye hasa aliyeliandika: Kristo peke yake ndiye Neno la kutiiwa. Ni tamko la ujasiri, nalipenda. Lakini lisomeni lote, hamtakuta mstari mmoja unaomtetea Myahudi. Wengi wao walipigania mimbari zao. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, aliandika mapema, 1933, kwamba kanisa lina wajibu kwa kila anayeonewa na dola, hata asiye Mkristo, na wenzake wachache tu walimfuata. Alinyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Mkimtaja Bonhoeffer kwenye mahubiri, mtajeni na Askofu Martin Sasse wa Thüringen. Masinagogi yalipochomwa Novemba 1938, alichapisha maandiko ya Luther dhidi ya Wayahudi, akifurahi kwamba yaliteketea siku ya kuzaliwa kwa Luther. Kanisa linalosimulia mashujaa wake peke yao linawafundisha watoto uongo.

Niko Bukoba. Wamisionari wa Bethel walikuwa Wanazi?

Siwahukumu kwa mkupuo. Mkuu wa Bethel, taasisi ya Kiprotestanti ya kuhudumia wagonjwa huko Ujerumani, Friedrich von Bodelschwingh, alichaguliwa askofu wa taifa Mei 1933, na mwezi uliofuata shinikizo la Wanazi likamfanya ajiuzulu. Hata hivyo wagonjwa wa Bethel walifungwa uzazi chini ya sheria ya Wanazi ya mwaka huohuo. Yote mawili ni kweli.

Kwa nini Vatikano ilisaini mkataba na Hitler?

Ili kulinda shule, vyama na mapadre wake. Ulisainiwa tarehe 20 Julai 1933 na Kardinali Pacelli, ambaye baadaye akawa Papa Pius XII, na Hitler akaanza kuuvunja mapema. Mwaka 1937 waraka wa Papa Pius XI wa kuukemea utawala ule uliingizwa Ujerumani kwa siri, ukasomwa makanisani Jumapili ya Matawi.

Halafu kuna Askofu von Galen wa Münster. Mwaka 1941 alikemea madhabahuni mauaji ya wagonjwa na walemavu. Agosti, baada ya watu wapatao 70,000 kuuawa, Hitler aliamuru mpango ule usimamishwe, ingawa mauaji yaliendelea kichinichini. Kwa hiyo msiniambie maaskofu hawakuwa na sauti. Miezi michache baadaye Wayahudi wa Münster walipakiwa kwenye treni, na mimbari ile haikuwasemea hivyo.

Ubatizo uliwaokoa Wayahudi?

Hapana. Sheria za Nürnberg za 1935 zilihesabu babu na bibi wa mtu: ukiwa na watatu au wanne wa Kiyahudi, wewe ni Myahudi, ubatizwe usibatizwe. Na ushahidi wa ukoo ulitoka wapi? Ofisi za parokia. Makarani na wachungaji walifungua vitabu vya ubatizo, wakatoa vyeti kwa mamilioni ya waombaji. Wanaotunza daftari za waumini wakumbuke hilo kabla ya kumkabidhi mtu yeyote. Edith Stein, mtawa Mkarmeli aliyezaliwa Myahudi, alimwandikia Papa mwaka 1933 akimwomba aseme. Aliuawa katika kambi ya Auschwitz Agosti 1942.

Na Mashahidi wa Yehova?

Walikataa saluti na jeshi, wakavalishwa pembetatu ya zambarau kambini, na mamia waliuawa. Makanisa makubwa hayakuwatetea.