Kabla ya Kuchagua Rangi ya Poliurethani

Anayeanza kazi ya rangi huwa na haraka ya kuuliza ni rangi ipi iliyo ngumu kuliko zote, na mara nyingi hujibiwa kuwa ni poliurethani. Jibu hilo si la uongo, ila halijakamilika, kwa sababu rangi hii ni ya mkono wa juu, yaani tabaka la mwisho: kazi yake ni kukabiliana na jua, mvua na mikwaruzo, wala haikuundwa kushika chuma kitupu wala kuzuia kutu peke yake.

Epoksi, aina nyingine ya rangi, hushika chuma vizuri na hustahimili maji na kemikali nyingi, lakini ikiachwa juani hupauka na kutoa unga mweupe unaobaki kiganjani ukiupangusa. Ndiyo maana kwenye vyuma vya nje, kama vile madaraja na matangi, mpangilio uliozoeleka ni praima (rangi ya kwanza juu ya chuma) yenye zinki nyingi, kisha epoksi katikati, na poliurethani juu. Mahali pasipofikiwa na jua, poliurethani mara nyingi ni gharama isiyo na faida. Na kwenye bomba la moshi au chuma kingine kinachopata joto kali, itafutwe rangi iliyotengenezwa mahususi kwa joto.

Hata poliurethani zenyewe si sawa. Iliyotengenezwa kwa isosianeti (kemikali inayoifanya rangi hii igande) za aina ya aromatiki hugeuka manjano juani, ilhali ya aina ya alifatiki hutunza rangi na mng'ao wake kwa miaka mingi. Kwa kazi ya nje, ulizia ya alifatiki, na usitosheke na neno poliurethani lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kopo. Kwa upande wa mbao, vanishi ya kopo moja yenye mafuta huleta wekundu wa asali unaozidi kukolea, na ile ya maji hubaki angavu. Hapo uamuzi ni wa mwenye samani.

Adui mkubwa wa rangi hii ni unyevu, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoponzwa. Aina ya makopo mawili hukauka pale isosianeti iliyo kwenye kigumishi, yaani kopo la pili, inapoungana na resini iliyo kwenye kopo la rangi. Tatizo ni kwamba isosianeti huungana na maji pia, na muungano huo hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo hufura ndani ya rangi mbichi na kuacha malengelenge madogo au vitundu kama vya ncha ya sindano. Mulika tochi kwa mshazari juu ya eneo lililokauka, utaviona, na kila kitundu ni mlango wa maji. Kwa hiyo pima kabla ya kuanza: kwa kawaida joto la chuma chenyewe, si la hewa, linatakiwa kuzidi kiwango cha kutunga umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji) kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Asubuhi yenye jua zuri inaweza kukudanganya, kwa kuwa chuma huchelewa kupata joto kuliko hewa. Kopo la kigumishi lifungwe mara tu baada ya kumimina. Likianza kuwa na ukungu au mabonge, litupwe. Thina nayo iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji, maana thina yenye alkoholi hula kigumishi kabla resini haijakipata.

Katika kuchanganya, fuata uwiano ulioandikwa na upime kwa chombo, kwani kuongeza kigumishi kwa kukisia hakuharakishi kazi bali huharibu utando. Mchanganyiko ukishapita muda wake wa matumizi huwa mzito, na kuulainisha kwa thina hakurudishi nguvu yake. Jifunze pia kukadiria unene: rangi yenye yabisi (sehemu inayobaki ikikauka) asilimia 50 kwa ujazo, ikitakiwa kubaki mikroni 60 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) baada ya kukauka, ipigwe mikroni 120 ikiwa mbichi. Ukizidisha sana kwa mkono mmoja, juu hukauka na chini hubaki na kimiminika kilichonaswa.

Epoksi ya chini nayo ina muda wake wa kupokea mkono unaofuata. Muda huo ukipita, poliurethani hukaa juu yake bila kushikana nayo na baadaye hubanduka kama ngozi, hivyo safisha mafuta kwanza, halafu piga msasa, kwa sababu msasa uliotangulia huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo.

Mwisho ni mapafu yako. Isosianeti zinaweza kusababisha pumu, na mtu ambaye mwili wake umeshazikataa anaweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo sana. Tangu tarehe 24 Agosti 2023, Umoja wa Ulaya unawataka wanaotumia kikazi bidhaa zenye diisosianeti huru (isosianeti ambazo bado hazijaungana na kitu) zaidi ya asilimia 0.1 wapate mafunzo kwanza. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, na hata ukivaa barakoa yenye kichujio, pua haiwezi kukuambia kuwa kichujio kimechoka, kwa kuwa madhara huanza kabla ya harufu kusikika. Anayenyunyizia rangi hii kwa bunduki avae kifaa kinacholetewa hewa safi kutoka nje, glavu na miwani. Na pale ambapo vifaa hivyo havipatikani, chagua rangi nyingine, hata kama itadumu miaka michache kuliko poliurethani.