Imeili zimekwama kwenye seva? Soma foleni kabla hujagusa konfigi

Imeili za kutoka nje haziingii, watu wameshaanza kupiga simu, na mkono unawasha kuristati seva. Usiristati kwanza. Barua zikikwama sababu yake huwa imeshaandikwa, ni wewe tu hujaisoma, na ukianza kubadilisha vitu kwa kubahatisha unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mi natumia Postfix (programu ya seva inayopokea na kusambaza imeili) kwa hiyo nitaongelea hiyo. Andika mailq, amri inayoonyesha barua zilizo kwenye foleni. Ukikuta foleni ni ndefu na barua zenyewe zimetoka nje zinaelekea kwa watu wako, maana yake zimeshafika kwako, MX (rekodi ya DNS inayosema barua za domeini ziende seva gani) iko poa, porti 25 ya kupokelea barua iko wazi, shida kwa kawaida iko ndani. Foleni ikiwa tupu na kwenye logi huoni hata mtu akibisha hodi, ndio uende kuangalia MX inaelekeza wapi na fayawoli inasemaje (porti 25 ijaribu ukiwa nje ya mtandao wako, ila kampuni nyingi za intaneti huwa zinaifunga kwa wateja wa kawaida, kwa hiyo jaribio la kwenye laptopu ya nyumbani linaweza kukudanganya). Angalia na diski pia, df -h (nafasi) halafu df -i (idadi ya mafaili diski inayoweza kubeba), maana nafasi ikiisha Postfix inajibu 452 inakataa kupokea, na barua zinabaki zinasubiri huko kwa mtumaji wewe huzioni.

Sasa kwenye mailq, chini ya kila barua kuna maneno kwenye mabano. Hapo ndio pa kutuliza macho.

Ukiona "Connection refused" na 127.0.0.1 porti 10024, hiyo kwa kawaida ni Amavis, kichujio cha spamu na vairasi, haijawaka au imekufa. Kuna seva niliitwa kuisaidia, jamaa walikuwa wanabishana kuhusu DNS wee, kumbe ClamAV, antivairasi ambayo Amavis inaitegemea, ilikuwa inauawa na kerneli kila ikiwaka kwa sababu inakula zaidi ya GB 1 ya ramu na mashine yenyewe ilikuwa ndogo, sasa Amavis ikikosa antivairasi inarudisha 451 (kosa la muda), Postfix inairudisha barua kwenye foleni, inajaribu tena, inarudishwa tena, hivyo hivyo. Ramu ikaongezwa mambo yakaisha. Kama huna ramu ya kuongeza unaweza kuitoa content_filter (mstari unaoiambia Postfix ipitishe barua kwenye kichujio) kwa muda, lakini hapa wengi wananasa: barua zilizokwisha kuingia foleni zimeandikiwa kichujio ndani yake, kwa hiyo kubadilisha main.cf (faili la konfigi ya Postfix) peke yake hakuzisaidii, lazima ufanye postfix reload halafu postsuper -r ALL ndio zipangwe upya bila kichujio.

Ukiona inalalamikia private/dovecot-lmtp, "No such file" au "Permission denied", nenda kwenye konfigi ya Dovecot, programu inayoweka barua kwenye visanduku vya watu. Soketi ya LMTP (njia ambayo Postfix inaikabidhi Dovecot barua) iwe kwenye /var/spool/postfix/private, mmiliki postfix, ruhusa 0600. Ukiona "loops back to myself" mara nyingi domeini imewekwa relay_domains (orodha ya domeini za kupitisha barua kwenda seva nyingine) wakati visanduku viko hapo hapo, ihamishie mydestination au virtual_mailbox_domains, moja tu, sio zote mbili. Maneno usiyoyaelewa yatafute kwenye /var/log/mail.log kwa namba ya foleni ya barua hiyo utaona safari yake yote.

Kabla ya kurekebisha chochote, weka soft_bounce = yes kwenye main.cf kisha postfix reload. Hii nashangaa watu hawaitumii. Inafanya makosa ya 5xx (ya kukataa moja kwa moja) ya seva yako yawe ya muda, yaani hata ukikosea konfigi katikati ya kazi, barua haitupwi wala mtumaji haambiwi kwamba anwani haipo. Na usiwe na presha, Postfix kwa kawaida inaitunza barua kwenye foleni siku 5, ikijaribu tena kila baada ya sekunde 300 mpaka 4000. Kitakachokupotezea barua ni postsuper -d ALL, ambayo utaiona imependekezwa kila kona kama "kusafisha foleni". Inafuta, na haina kurudi nyuma.

Ukisharekebisha usimwage foleni nzima mara moja. Chukua barua moja, postqueue -i na namba yake, fuatilia logi na tail -f, ukiona status=sent ndio upige postqueue -f kujaribu foleni yote. Kama zimerundikana nyingi sana, Amavis itahema kidogo, iache.

Halafu itoe ile soft_bounce, maana ukiisahau kila barua ya anwani isiyokuwepo nayo itakaa inajaribiwa siku 5 na mtumaji hatajua kama alikosea herufi.